Jiwe Chini ya Kawa

Inatangazwa kwa wakaazi wote wa Kisiwa cha Mvita, waliofunga na wanaokula kwa siri, makuli, maimamu, madalali na wenye nyumba za kupangisha, kwamba vikwazo vya uchumi vilivyowekwa na mataifa makubwa kwa sababu ya vita vya Ukraine viliondolewa rasmi katika kichochoro kimoja cha Kuze, Mji wa Kale, mwezi wa Ramadhani, muda mchache kabla ya adhana ya magharibi. Aliyeviondoa ni Bi Ruweida binti Badawi, mkaanga viazi karai, asiye na wizara, asiye na jeshi, wala kiti katika baraza lolote la usalama ila lile la simiti mlangoni pake, ambalo nalo lina ufa. Mwenye kubisha na abishe baada ya kufuturu.

Bi Ruweida mwenyewe hajawahi kuvuka kwenda Likoni ila mara mbili, na mara zote mbili alirudi akilalamika kuwa maji ya huko hayana ladha. Alizaliwa kichochoro hichohicho, akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwa mamake, na mumewe Khubaib alipofariki alimwachia karai la chuma lenye upana wa gurudumu la mkokoteni, chumba cha juu cha kupangisha, na mwana mmoja aliyekimbilia Maskati kutafuta kazi na akaipata, lakini hajapata muda wa kupiga simu.

Karai ndilo lililomlea. Kila alasiri viazi vilichovywa kwenye unga wenye manjano, vikazamishwa kwenye mafuta yanayotokota, vikatoka vimevimba kwa kiburi. Watu walivuka kutoka Makadara na kuacha tuktuk zikiwangoja na injini zinanguruma. Siri yake haikuwa siri: hakuwa na mkono wa birika. Unga mwingi, mafuta mengi, ukwaju mzito, na tusi dogo la kirafiki kwa atakayeomba kipunguzo.

Kisha watu wawili asiowajua wakapigana mahali asipopajua.

Habari alizipata kwa Mzee Muhdhar, jirani wa mlango wa pili, wakala wa forodha mstaafu, ambaye kila alasiri hupigana vita vya dunia nzima akiwa ameketi nje ya nyumba yake, simu mkononi na kikombe cha kahawa gotini. Ramadhani ilipofika alipigana bila kahawa, na kwa hivyo akawa mkali zaidi.

"Mafuta ya alizeti ya Ukraine hayatoki," alimwambia Ruweida. "Meli zimekwama. Sasa dunia nzima imekimbilia mawese, na mawese nayo yameanza kuringa. Ngano ndiyo usiseme. Huyu kamwekea yule vikwazo, yule kamfungia huyu bandari."

"Na viazi vyatoka wapi?"

"Vyatoka bara. Molo huko."

"Alhamdulillahi. Basi viazi vyangu havina ugomvi na mtu."

"Havina. Lakini utavichovya kwenye nini, Bi Ruweida? Na utavikaanga kwa nini, kwa dua?"

Vita vilikuwa havijafanyiwa hata arubaini yake, na tayari mtungi wa mafuta ulikuwa ukiulizwa bei kwa sauti ya chini, kama mahari. Unga wa ngano ukapanda, ukapanda tena, hata wenye duka wakaacha kubandika bei wakawa wanaitaja kwa uso wa tanzia. Ruweida alipunguza mafuta, viazi vikashika karai. Akapunguza unga, viazi vikatoka uchi. Siku ya mkesha wa mwezi alilisugua karai, akaligeuza kifudifudi barazani, na paka wa jirani akalikalia kama aliyeandikiwa urithi.

Lakini huo haukuwa msiba wenyewe. Ili uujue msiba wenyewe, yataka uijue sheria ya sahani.

Kuze, mwezi wa Ramadhani, hakuna nyumba inayofuturu chakula chake peke yake. Jua likianza kulegea, sahani hutoka. Kaimati zatoka kwa huyu zaenda kwa yule, mbaazi za nazi za yule zaja kwa huyu, kila sahani imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu chenye kichwa kama kofia ya mfalme. Hulipi. Wala hushukuru sana. Ila kuna sheria moja ambayo hakuna bunge lililowahi kuipitisha na hakuna mtu aliyewahi kuivunja: sahani ya mtu hairudi tupu. Imekuja na sambusa, itarudi na tambi. Huna tambi, weka ndizi. Kurudisha sahani tupu ni kusema, mbele ya kichochoro kizima, kwamba chakula cha mwenzio ulikila kama mchwa.

Sasa ona ujanja wa vita. Mafuta na unga vilipopanda, kila mwanamke alijiambia: nikimpelekea fulani sahani, itambidi anirudishie, naye hana, nitakuwa nimemtega. Kwa huruma hiyo hiyo kila mmoja akazuia sahani zake ndani. Na zile ambazo tayari zilikuwa nje zikabaki hukohuko, maana za kuzijazia hazikuwapo. Bakuli mbili za maua za Ruweida, urithi wa mamake, zilizuiliwa kwa Mzee Muhdhar tangu Rajabu, sawasawa na mali za matajiri wa Urusi kule Ulaya. Ruweida alizipita kila siku akiziona dirishani. Kuzidai haikuwezekana. Kudai bakuli ni kudai kilichomo.

Nyumba nyingi zingeweza kuishi bila sahani za jirani. Moja haikuweza.

Mkabala na Ruweida aliishi Bi Mwanaesha, ajuza wa miaka themanini na ushei, mato yamefifia, ulimi haujafifia. Hakuwa na mtoto. Jiko lake halikuwashwa miaka na miaka tangu moto ulipomla upindo wa leso. Mwaka mzima alijikongoja kwa mkate na chai, lakini Ramadhani ndiyo iliyokuwa ikimnenepesha, kwa sahani za kichochoro. Na yeye alirudisha. Uani mwake kulikuwa na mti wa asumini ndani ya debe la zamani, na kila sahani iliyoingia kwake ilitoka na kikuba kilichofungwa kwa uzi, kinachonukia hata mlangoni kwa mtu wa tatu. Kwa hivyo hakuwa akipewa. Alikuwa akibadilishana. Mwaka mmoja watu wa hisani walimletea boksi la chakula pamoja na mpiga picha. Boksi lilirudi. Mpiga picha naye alirudi, mbio kulishinda boksi.

Basi siku za mwanzo za mfungo, Ruweida alikusanya alichokuwa nacho, ndizi mbivu na kijiko cha tui, akakifunika kawa akavuka.

"Hodi, Bi."

"Karibu, 'Weida. Waambaje?"

"Sijambo. Nimekuletea futari."

Bi Mwanaesha hakuinyosha mikono. "Na kwa Muhdhar umepeleka nini?"

"Kwa Muhdhar... bado."

"Na kwa mamake Fahmi?"

"Bi, hali ya mwaka huu..."

"Mato yangu yamekufa, masikio yangali hai. Tangu mwezi kuandama sijasikia mtu akipita na sahani hapa dirishani. Sahani ikitoka moja peke yake, mwanangu, hiyo si sahani. Hiyo ni sadaka." Akaugeuzia uso ukutani. "Rudi nayo. Salimia watu wa boksi."

Ruweida alirudi nayo. Kabla ya kutoka aliona kilichokuwa mkekani: tende mbili, na maji kwenye kikombe cha bati. Usiku alizigeuza tende zile kichwani mpaka daku. Mwezi mzima wa tende mbili, kwa mifupa ile, ulikuwa mwezi mrefu kuliko vita vya Muhdhar.

Asubuhi aliwaita wanawake wa kichochoro mbele ya karai lake lililopinduliwa, akamwondoa paka, akatangaza sera mpya.

"Kuanzia leo sahani zitapita kama zamani."

"Za nini?" mke wa Muhdhar akauliza.

"Za upepo. Kila nyumba yatoa sahani tupu, imefunikwa, yapita chini ya dirisha la Bi Mwanaesha kwa hodi na kelele. Kitu tutatia katika sahani moja tu, ya kwake. Kijiko huyu, kijiko yule. Yeye atasikia kichochoro kizima chapelekeana, atapokea."

"Mtu akibeba sahani tupu aonekana," akasema mamake Fahmi. "Mkono wenyewe wacheza."

Hilo lilikuwa neno. Wakatazama huku na huku, na jawabu likawa limeanguka lenyewe miguuni mwao, kama linavyoanguka kila mvua ikinyesha Mji wa Kale: mawe ya matumbawe kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya mirathi ambayo ndugu wanaigombania badala ya kuitengeneza. Jiwe moja kila sahani. Mkono ukatulia.

Alibaki mchukuzi. Akachaguliwa Caroline, mpangaji wa chumba cha juu cha Ruweida, msichana wa Kaloleni aliyeuza vitambaa katika duka moja la Makadara na kurudi kazini jua likikaribia kuzama.

"Sasa mimi nibebe jiwe, nilipigie hodi," Caroline alisema taratibu, kama anayerudia bei ili mteja aone aibu. "Na Bi akiniuliza nimebeba nini?"

"Sisi tumefunga," akasema mke wa Muhdhar. "Aliyefunga hasemi uongo."

"Na mimi?"

"Wewe hukufunga."

Na ikawa. Jioni ile kichochoro kilifufuka. "Hodi! Mama Fahmi akusalimu, ati hizi sambusa zina pilipili!" Jiwe likapokelewa. "Jamani, mmejisumbua! Nyie nanyi chukueni hizi kaimati!" Jiwe likarudishwa. Sauti zilipanda, milango ikagongwa, makawa yakapishana, na Bi Mwanaesha, nyuma ya dirisha lake, akatabasamu akapokea sahani yake, akaila mpaka akasikika akikwangua. Kikuba cha asumini kikatoka.

Mzee Muhdhar alilitazama jiwe lililoletwa kwake kwa heshima zote. "Huu ndio uchumi wa dunia wenyewe," alisema. "Kila taifa lampelekea mwenzake sahani iliyofunikwa, na kila mmoja aomba isifunuliwe."

"Rudisha jiwe la watu," mkewe akamwambia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka katikati ya mfungo. Kisha jioni moja Caroline alichelewa. Duka lilikuwa na mteja aliyefunua majora yote asinunue hata dhiraa, na alipofika mbio adhana ilikuwa inakohoa kwenye kipaza sauti. Sahani mbili zilimngoja barazani, makawa ya rangi moja, uzito mmoja. Ya kulia ya Bi Mwanaesha, ya kushoto ya Mzee Muhdhar. Au ya kushoto ya Bi Mwanaesha. Caroline akazitazama, akamtaja Yesu, akabeba.

Kwa Mzee Muhdhar kawa lilifunuliwa na mbaazi, ndizi, uji mzito wa mtama na nusu ya samaki vikaonekana. Mzee Muhdhar hakuuliza. Mwanasiasa wa kweli hamuulizi aliyemletea.

Bi Mwanaesha aliingiza mkono chini ya kawa lake, kwa bismillahi, akakutana na jiwe.

Caroline alikuwa bado mlangoni. Aliuona mkono ule wa kikongwe ukilizunguka jiwe, ukilipapasa mashimo yake, ukilinusa hata. Akasubiri dunia ianguke. Haikuanguka. Bi Mwanaesha alilifunika tena, polepole, kama anayemfunika mgonjwa.

"Umwambie nini 'Weida?" alisema mwishowe. "Mwambie futari imefika, tamu sana. Ila nyama yake haijaiva."

"Bi..."

"Njoo hapa. Keti." Sauti ilikuwa imeshuka. "Hali ya 'Weida imefika hapa, nawe walala juu ya kichwa chake, hukuniambia? Mwanamke akifika kupika mawe, ni kuwa nyumba imekwisha. Karai lake silisikii likilia tangu mwezi kuandama. Na kwa heshima yake, apeleka jiwe na kawa juu, asikatize sahani yangu."

Caroline alifungua kinywa. Akisema kweli, ajuza atajua kwamba kichochoro kizima kilikuwa kikimdanganya, na hatapokea sahani tena mpaka kaburini. Akinyamaza, Bi Ruweida ataonekana fukara. Alinyamaza. Bi Mwanaesha akadhani ni huzuni.

"Kwenu Kaloleni mwala nini kisichopita Ukraine?"

"Mihogo, Bi. Mamangu yuwaja nayo Makupa kila wiki, magunia."

"Kalete. Na nazi. Utampelekea mamako vikuba, si bure. Na neno hili likitoka nje nitakulaani mpaka upate mume mshairi."

Hivyo ndivyo binti wa Kaloleni alivyokuwa jasusi wa pande mbili, kila upande ukimhurumia wa pili na kumwapisha asiseme.

Siku ya pili, alasiri, moshi ulitoka kwa Bi Mwanaesha. Wanawake walitoka na ndoo za maji. Mamake Fahmi alikuwa ameshainua yake arushe dirishani, ikaja harufu: tui, pilipili mbichi, ndimu. Ndoo zikashuka. Jiko la miaka mingi lilikuwa limeamka. Kisha mlango ukafunguka, na Bi Mwanaesha akavuka kichochoro mwenyewe, mkono mmoja ukutani, mwengine umebeba sahani yenye kawa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"'Weida."

"Naam, Bi."

"Sahani yako. Jiwe lako limo pembeni, nimelisuguasugua."

Ruweida alifunua. Mihogo ya nazi, imeiva mpaka imepasuka, tui limeganda juu yake kama uso wa mwezi. Na pembeni, safi kama la msikitini, jiwe.

Akamtazama Caroline, ambaye siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa dukani akalete mihogo. Caroline alitikisa kichwa kidogo tu, kulia na kushoto, mato yamemtoka. Na hapo Ruweida akaelewa yote kwa mpigo: sahani zilivyobadilishana, mbaazi zilivyoliwa kwa Muhdhar, na jinsi alivyosomeka yeye mbele ya ajuza huyu. Amehurumiwa! Ruweida binti Badawi, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu ukwaju wa pili, amehurumiwa, mchana, mbele ya wanawake wenye ndoo! Neno lilimfika kooni. Lilikuwa neno fupi. Angelisema, heshima yake ingerudi hapo hapo, na jiko lile lililowaka lingezimwa kwa mara ya mwisho.

"Shukran, Bi," alisema. "Kweli nilikuwa sina."

Na alipolisema aliliona si uongo sana.

"Nilijua," Bi Mwanaesha akasema kwa ushindi. "Sufuria imebaki tele, mimi mwenyewe nitafuturia hiyohiyo. Kesho uje nikufundishe kuchuja tui. Mihogo yako ya zamani ilikuwa kama sabuni." Akageuka akarudi kwake, na hata mgongo wake ulionekana umenenepa.

Sasa sheria ikaanza kufanya kazi yake. Sahani ya Bi Mwanaesha hairudi tupu, na safari hii Ruweida hakuthubutu jiwe. Akarudisha boga la nazi. Mke wa Muhdhar naye, aliyekula chakula cha mtu akajua, alikuwa hajalala vizuri, akapeleka kunde. Mamake Fahmi, kwa kuwa ndoo yake ilikuwa imeinuliwa kuliko zote, akapeleka viazi vitamu. Hakikukaangwa kitu. Hakikuumuliwa kitu. Kila kilichopita kilitoka Kaloleni, Kilifi au kwenye mnazi, na hakuna aliyemwomba ruhusa Mrusi. Kufikia kumi la mwisho sahani zilikuwa zinapishana zimejaa kweli, na mawe yakawa yamerundikwa mlangoni pa nyumba ya mirathi, ambapo wenyewe waliyagombania upya.

Ruweida aliligeuza karai chali, akamfukuza paka kwa mara ya mwisho, akaanza kuuza mihogo ya nazi kwa wanaorudi kazini. Siku ya kwanza walimcheka. "Bi Ruweida, viazi vimehamia shamba?" Siku ya nne tuktuk zilianza tena kunguruma kwenye mdomo wa kichochoro. Mamake Caroline akaacha kushukia Makupa, magunia yakaja moja kwa moja. Na kila alasiri Bi Mwanaesha aliketi kwenye kigoda kando ya sufuria, akinusa, akitukana, akiwekewa yake ya kufuturia, akimweleza kila mnunuzi kwamba yeye ndiye aliyemwokoa 'Weida, maskini, alipokuwa akipika mawe.

Ruweida alikoroga tui, akaitikia, "Kweli, Bi."

Siku ya Idd, baada ya sala, Mzee Muhdhar alipanda juu ya baraza na kanzu mpya, kahawa yake ya kwanza ya mchana mkononi, na kichochoro kizima kikamsikiliza, maana kilikuwa kimeshiba na hakikuwa na la kufanya. Alitangaza kwa wakaazi wote wa Kisiwa cha Mvita. Alizitaja wizara. Aliyataja majeshi. Aliutaja hata ufa wa baraza. Alisema kwamba yale ambayo mabalozi wameshindwa kwenye meza ndefu, mkaanga viazi ameyaweza kwa jiwe moja na kawa. Bi Mwanaesha alidhani ni lile jiwe la ufukara wa 'Weida, akapiga kigelegele kuliko wote.

"Bi Ruweida," Mzee Muhdhar akamaliza, jasho likimtiririka, "historia yakusikiliza. Toa neno."

Ruweida alipangusa mikono kwenye leso, akamtazama.

"Muhdhar, lete bakuli zangu. Hata tupu."